Huduma ya "kuweka jina" kwenye laptopu za mtumba Tabora mjini: shilingi 5,000 za kibao cha mlangoni

Ukishaelewana bei ya laptopu ya mtumba hapa Tabora, iwe kwenye maduka ya karibu na Soko Kuu au kwenye vibanda vya kuelekea stesheni, fundi huuliza swali moja kabla hajaifunga kwenye mfuko: "Nikuwekee jina gani?" Unamtajia, anabonyeza dakika mbili, anaigeuza skrini ikutazame. Jina lako lipo pale katikati, lile la mwenye mashine wa zamani halionekani tena. "Dada, imeshakuwa yako hiyo."

Duka tulilolipima, ambalo hatulitaji jina, linatoza shilingi 5,000 kwa huduma hiyo na shilingi 20,000 kwa kupiga Windows upya. Muuzaji anamwambia mteja kwamba ya kwanza inatosha, ya pili ni kwa mwenye hela ya ziada. Tunaipa ya kwanza alama 2 kati ya 5, na ya pili 4. Alama hizo mbili huduma ya kwanza imezipata kwa sababu haiharibu kitu na fundi ana lugha nzuri kwa wateja. Lakini anayeondoka na laptopu iliyobadilishwa jina peke yake ameondoka na akaunti ya mtu mwingine, na mara nyingi hajui.

Mashine ya kipimo ilikuwa HP EliteBook 840 G5, prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8, diski ya SSD (isiyozunguka) ya GB 256, Windows 11 Pro, mzigo wa Uingereza. Ndani yake kulikuwa na akaunti moja tu, haina nywila, inaitwa Reception. Mtu yeyote anaona hapo kwamba ilikaa mapokezi ya ofisi fulani. Ombi lilikuwa akaunti isomeke Mwajuma.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba Windows haimtambui mtu kwa jina. Inamtambua kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21 na kumalizikia, kwa akaunti ya kwanza ya mashine, kwa 1001 au karibu na hapo. Unaiona namba hiyo ukifungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) na kuandika `whoami /user`. Ruhusa za mafaili, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, PIN ya kuingilia, mipangilio ya programu, vyote vimefungwa kwenye namba. Jina ni kibandiko kilichobandikwa juu yake. Ukibandua na kubandika kingine, namba inabaki ileile, na kila kilichokuwa chake kinabaki chake. Kwenye mashine ya kipimo namba haikubadilika hata tarakimu moja kabla na baada ya kulipa 5,000, na Edge, kivinjari cha Windows, ilifunguka ikiwa bado imeingia kwenye barua pepe ya ofisi ile ya mapokezi.

Halafu kibandiko chenyewe si kimoja. Yapo majina matatu, na mafundi wengi hubadilisha lile jepesi. La kwanza ni jina la kuonyesha, linalotokea kwenye skrini ya kuingilia na juu ya menyu. La pili ni jina la akaunti, ambalo mfumo wenyewe unalitumia. La tatu ni jina la folda iliyomo ndani ya C:\Users, ambako kuna Desktop, Documents, Downloads na folda iliyofichwa ya AppData, ambamo programu huweka mipangilio yake.

Fundi wa duka hili alipita Control Panel, User Accounts, Change your account name. Njia hiyo hugusa jina la kwanza tu. Ukiandika `net user Reception` baada ya kazi yake, mstari wa juu unasema User name: Reception, na chini yake Full Name: Mwajuma. Ukiandika `whoami`, jibu linaishia na \reception. Ukiandika `echo %userprofile%`, unapata C:\Users\Reception. Majina mawili kati ya matatu hayajaguswa.

Kuna watakaouliza lina ubaya gani iwapo skrini inasomeka vizuri. Chukua steshenari yenye kompyuta mbili na printa moja. Kompyuta ya pili ikitaka kuchapa kupitia hii, inaulizwa jina la mtumiaji na nywila. Mwenye duka anaandika Mwajuma na nywila yake sahihi, inakataa. Anarudia mara tano, anabadilisha nywila, anaita fundi, fundi anasema tatizo ni waya wa mtandao. Shida yote ni kwamba mtandao unataka jina la akaunti, na jina la akaunti bado ni Reception. Kwa karani wa chama cha msingi cha tumbaku anayeshirikisha mafaili ya mizani kati ya kompyuta mbili, hiyo ni nusu siku imepotea msimu wa masoko.

Jina la pili si gumu kubadilisha, na kwa shilingi 5,000 duka lilipaswa kulifikia. Fundi abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike `netplwiz`, achague akaunti, Properties, kisha abadilishe visanduku vyote viwili, User name na Full name. Kwenye Windows Pro anaweza kutumia pia `lusrmgr.msc`, kwenye toleo la Home hiyo haifanyi kazi, asipoteze muda. Anayependa amri afungue PowerShell, dirisha jingine la amri, kama msimamizi (Run as administrator) na aandike `Rename-LocalUser -Name "Reception" -NewName "mwajuma"`. Kisha azime na kuwasha tena.

Hapo kwenye kuwasha ndipo makosa hujitokeza. Maduka mengi huiwekea laptopu mpangilio wa kuingia moja kwa moja bila kuuliza nywila ili mteja aone inawaka haraka. Mpangilio huo umeandikwa jina la zamani. Ukibadilisha jina la akaunti bila kuugusa, mashine inajaribu kuingia kama Reception, inashindwa, na inakuambia jina au nywila si sahihi kila unapowasha. Dawa ni kurudi `netplwiz`, kuweka alama kwenye kisanduku cha kutaka nywila kabla ya kuingia, na kubonyeza Apply. Kisanduku kisipoonekana kwenye Windows 11, zima kwanza sehemu inayolazimisha kuingia kwa PIN au alama ya kidole pekee kwenye Settings, Accounts, Sign-in options.

Chagua jina fupi. Jina la akaunti halipokei zaidi ya herufi 20, kwa hiyo "Mwajuma Stationery Tabora" halitaingia, na alama kama / \ : * ? zimekatazwa. Nafasi kati ya maneno inakubalika lakini inasumbua programu za zamani. Kwa watu wa hapa kuna jambo jingine: alama ya ng'. Mwenye duka la Ng'ambo akiipa akaunti jina la mtaa wake, Windows itaipokea ile alama bila kulalamika, lakini siku fundi akiandika amri inayofunga majina kwa alama hiyohiyo, amri inakatika katikati na haitoi sababu inayoeleweka. Andika ngambo. Kwenye jina la kuonyesha unaweza kuliandika kwa usahihi wake wote, halidhuru kitu.

Sasa folda. Hapa tunamsihi msomaji asimruhusu fundi aiguse kwa mazoea, maana ndiko laptopu nyingi zinakoharibikia. Jina la folda huamuliwa siku akaunti inapoundwa na halibadiliki unapobadilisha mengine. Ukijaribu kuibadilisha jina ukiwa umeingia kwenye akaunti hiyohiyo, Windows inakataa kwa sababu inaitumia. Mwenye haraka anawasha kwa njia nyingine, anabadilisha folda peke yake, halafu anaingia. Windows inaitafuta C:\Users\Reception, haioni, na inamfungulia mteja meza tupu na ujumbe kwamba haiwezi kuingia kwenye akaunti yake. Ile meza ni ya muda. Ukiandika barua hapo ukaihifadhi Desktop, ukitoka inafutika. Mafaili ya zamani yapo salama ndani ya folda yenye jina jipya, ila mteja haoni chochote na anaamini yamefutwa.

Utaratibu kamili ni huu. Nakili kwanza mafaili muhimu kwenye diski ya nje. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `net user administrator /active:yes`. Zima na kuwasha mashine, usitoke tu, kwa sababu kutoka peke yake huacha mafaili mengine yameshikiliwa. Ingia kama Administrator. Badilisha jina la folda ndani ya C:\Users. Kisha fungua `regedit`, daftari la mipangilio ya Windows, shuka HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, ProfileList. Utaona orodha ya zile namba ndefu. Bonyeza moja baada ya nyingine mpaka uikute ambayo mstari wake wa ProfileImagePath unasema C:\Users\Reception. Ibadilishe iseme C:\Users\mwajuma, herufi kwa herufi kama ulivyoandika folda. Washa upya, ingia, hakikisha kila kitu kipo, kisha ifunge ile akaunti ya Administrator kwa `net user administrator /active:no`. Hatua ya mwisho husahaulika sana, na akaunti hiyo haina nywila.

Ukikuta kwenye orodha hiyo namba moja imeandikwa mara mbili, moja ikiwa na .bak mwishoni, ni dalili kwamba mtu alishajaribu akashindwa. Ile yenye .bak ndiyo ya kweli, isiyo nayo ndiyo ya muda.

Hata kazi ikifanyika bila kosa, mabaki hayakosekani. Programu zilizojisakinisha ndani ya AppData, Zoom ikiwa mojawapo, zimeandika njia ya zamani kwenye kumbukumbu zao. Ikoni zinabofywa hazifunguki. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inalalamika. Wapo mafundi wanaotibu hilo kwa `mklink /J`, amri inayotengeneza njia ya mkato iitwayo C:\Users\Reception inayoelekea folda mpya. Inafanya kazi, lakini jina ulilolipa liondoke limerudi palepale lilipokuwa.

Kwa hiyo msimamo wetu kuhusu folda: ikiwa unataka isomeke jina lako, usibadilishe ya mtu. Unda akaunti yako mpya. Hii ndiyo huduma ambayo duka haina kwenye orodha yake, na ndiyo ambayo wateja wengi wanaihitaji. Haidai bando wala flashi, na inachukua kama dakika kumi. Nenda Settings, Accounts, Other users, bonyeza Add account, chagua kwamba huna taarifa za kuingia za mtu huyo, kisha chagua kuongeza mtumiaji asiye na akaunti ya Microsoft. Andika jina fupi na nywila. Rudi kwenye orodha, bonyeza jina jipya, Change account type, mfanye Administrator. Anayetumia amri aandike `net user mwajuma * /add`, aweke nywila anapoulizwa, halafu `net localgroup administrators mwajuma /add`. Mashine ikiwa ilisakinishwa Windows ya Kijerumani amri hiyo ya pili itakataa mpaka uandike Administratoren, na ya Kifaransa inataka Administrateurs.

Toka, ingia kwenye akaunti mpya, fanya kazi humo siku moja au mbili uone printa, Office na intaneti viko sawa. Ukiridhika, rudi Other users, bonyeza Reception, Remove, kisha Delete account and data. Tumia njia hii ya Settings. Fundi anayefuta kwa `net user Reception /delete` anaondoa akaunti lakini folda yake nzima inabaki kwenye diski, na ndiyo maana laptopu nyingi za mtumba zina folda tatu nne za watu ambao akaunti zao hazipo tena. Fungua C:\Users ya laptopu yoyote dukani utaziona.

Kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka (HDD), kilichofutwa bado kinaweza kufufuliwa na programu za kurejesha mafaili. Baada ya kufuta, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `cipher /w:C:\` na uiache ifanye kazi usiku kucha ikiwa kwenye umeme. Kwenye SSD haihitajiki kwa kiasi kile.

Yote hayo juu yanahusu akaunti ya ndani ya mashine. Ikiwa mwenye laptopu wa zamani aliingia kwa akaunti ya Microsoft, yaani kwa barua pepe, jina unaloliona linatoka mtandaoni na fundi hana uwezo wa kulibadilisha, wala hana haki hiyo. Wengine huibadilisha kwanza iwe akaunti ya ndani halafu wanaweka jina. Hapo pana mtego mbaya kuliko yote tuliyoyataja, nao ni usimbaji wa diski, yaani kuifunga data yote kwa ufunguo. Laptopu nyingi za Windows 10 na 11 hujifunga diski zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kuokolea, tarakimu 48, unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Mteja wa Tabora anaitumia miezi minne vizuri. Siku moja fundi anagusa mpangilio wa BIOS (mipangilio ya mashine inayotangulia Windows), mashine inawaka na skrini ya bluu ikidai tarakimu 48. Ziko kwenye akaunti ya mtu aliyeko Uingereza. Hakuna fundi wa Tabora wala wa Kariakoo atakayezibahatisha, na mafaili yote ya miezi minne yamekwenda.

Kagua kabla ya kulipa: Command Prompt kama msimamizi, `manage-bde -status`. Mstari wa Conversion Status ukisema Fully Decrypted, uko salama. Ukiwa na neno Encrypted, fundi auzime usimbaji hapohapo na usubiri mpaka umalizike, ndipo jambo jingine lifuate. Kwenye mashine ya kipimo ulikuwa umezimwa. Fundi hakuwa amekagua. Tulipomuuliza alisema hajawahi kuulizwa na mteja.

Mtego wa pili uko kwenye mashine za makampuni. Settings, Accounts, Access work or school: ukikuta hapo anwani ya kampuni, au `dsregcmd /status` ikikujibu AzureAdJoined : YES, mashine bado inajihesabu kuwa ya ofisi ile. Kubadilisha jina hakuiondoi. Mbaya zaidi, nyingine zimesajiliwa kwa kampuni mtandaoni kwa namba ya mashine yenyewe. Hata ukipiga Windows upya, ikipata intaneti inakuletea ukurasa wa kampuni ikitaka barua pepe ya mfanyakazi. Mashine ya namna hiyo irudishwe kwa muuzaji, bei iwe nzuri namna gani. Duka hili lilikubali kwa maandishi kuipokea ndani ya siku 7, na hilo limechangia alama zake. Ukinunua kwa mtu wa Dar es Salaam kwa simu, kuirudisha ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa reli.

Tuje kwenye huduma ya 20,000. Kupiga Windows upya ndiyo njia safi, inayofuta akaunti, folda, mtandao wa Wi-Fi uliohifadhiwa na lile jina la mwenye leseni linaloonekana ukiandika `winver`, ambalo kubadilisha jina la akaunti hakuligusi. Kwenye SSD kazi yenyewe ni nusu saa mpaka dakika arobaini. Fundi wa duka alifuta vigawanyo vyote vya diski kabla ya kusakinisha, jambo sahihi ambalo wengi hawafanyi. Wanasakinisha juu ya kilichopo, na Windows inaihifadhi ya zamani yote ndani ya folda ya Windows.old, nyaraka za mwenyewe zikiwemo.

Alama moja tuliyoiondoa ni ya leseni. EliteBook kama hii ina leseni yake ya Windows Pro iliyofungwa kwenye ubao mama. Ukisakinisha toleo lilelile la Pro kwa flashi ya GB 8 iliyotengenezwa kwa programu ya Microsoft yenyewe, ukaruka sehemu ya kuomba ufunguo, mashine ikipata intaneti inajisajili yenyewe. Fundi aliweka programu ya kuvunja leseni kwa mazoea, na ili iingie akaizima Windows Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe. Mteja amelipa 20,000 kuondolewa mtu mmoja ndani ya mashine, akawekewa kitu kingine kisichojulikana. Andika `slmgr /xpr`: jibu zuri linasema permanently activated. Likikupa tarehe ya mwisho, mara nyingi ndani ya siku 180, ujue ni ile ya kuvunja. Mwambie arudie bila hiyo programu. Kwenye mashine ya kipimo alirudia bila ubishi na bila kutoza tena, na ikajisajili yenyewe mara tu ilipounganishwa na simu.

Kuna kipengele kimoja ambacho mteja anapaswa kusimama mwenyewe karibu na fundi: skrini inayouliza jina mwishoni mwa usakinishaji. Utakachoandika pale ndicho kitakuwa jina la folda maisha yote ya akaunti hiyo. Ukiingia kwa barua pepe, Windows huchukua herufi tano za mwanzo, kwa hiyo mwenye mwajuma@ anaishia na folda iitwayo mwaju. Kwenye Pro chagua Set up for work or school, kisha Sign-in options, kisha Domain join instead, na utaruhusiwa kuandika jina unalolitaka bila barua pepe. Liandike kwa herufi ndogo bila nafasi. Barua pepe unaweza kuiunganisha baadaye, folda haitabadilika.

Nywila nayo ina jambo lake. Mzigo wa Uingereza una kibodi ambayo @ na alama ya kunukuu zimebadilishana nafasi ukilinganisha na ya Marekani, na wa Ujerumani una Y na Z zilizobadilishana. Fundi akisakinisha kwa mpangilio wa Marekani, unachokiona kwenye kitufe sicho kinachoandikwa, na nywila haionekani unapoiandika. Siku mpangilio ukirekebishwa, nywila yako inakataa. Nywila ya kwanza iwe ya herufi na tarakimu za kawaida, isiwe na y, z wala alama. Nywila hiyo uibadilishe baada ya kuiweka sawa kibodi kwenye Settings, Time & language.

Njia ya tatu, ya Reset this PC iliyomo kwenye Settings, System, Recovery, duka linaifanya kwa 10,000. Inafaa ukichagua Remove everything. Ukichagua Keep my files, akaunti ya zamani inabaki na mafaili yake, kwa hiyo kwa mnunuzi wa mtumba haina maana. Chagua Local reinstall. Ya Cloud download inakula kama GB 4 za bando. Na iwe kwenye umeme na betri nzima, kwa sababu TANESCO wakikata katikati na betri ya mtumba ikashika dakika sita tu, Windows inaweza kushindwa kuwaka kabisa na utarudi kulipa ile 20,000. Afya ya betri unaipata kwa `powercfg /batteryreport`: linganisha Full charge capacity na Design capacity. Chini ya nusu, usianze bila jenereta au UPS karibu.

Kwa MacBook, ambazo duka lina chache, usilipie jina wala chochote mpaka mwenyewe wa zamani awe ameiondoa kwenye iCloud yake, yaani akaunti yake ya Apple. Na kwa anayeangalia mashine za bei ya chini kama EliteBook 840 G3, akumbuke kwamba prosesa yake ni ya kizazi cha 6, Windows 11 haiikubali rasmi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kumpigia mteja Windows 10 safi leo bila kumwambia hilo ni kumficha jambo.

Ukiwa kaunta, kabla ya kutoa hela, omba dakika tatu na andika `net user`, fungua C:\Users, kisha `manage-bde -status` na `slmgr /xpr`. Majina ya Administrator, DefaultAccount, Guest na WDAGUtilityAccount ni ya mfumo, yaache. Jina jingine lolote lisilo lako, uliza. Kwenye risiti fundi aandike kazi aliyoifanya kwa maneno: "Windows 11 Pro imesakinishwa upya, akaunti moja, leseni ya mashine". Duka hili liliandika "kuweka jina", na baada ya kuombwa likaandika upya kikamilifu.

Ukikuta mafaili ya mtu baada ya kununua, picha za familia, mishahara ya wafanyakazi, barua za hospitali, usiyafungue wala kuyatuma kwa mtu kuuliza ya nani. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini, na barua pepe iliyobaki wazi ya mtu si mlango uliokaribishwa kuingia. Bonyeza Sign out kwenye kivinjari, unda akaunti yako, futa ile nyingine pamoja na data zake, kisha hakikisha folda yake haipo tena ndani ya C:\Users.